Umebadilisha ekzosi ya pikipiki? Hivi ndivyo unavyopanga upya jeti za kabureta

Siku ya kwanza kila mtu anafurahi. Ekzosi mpya imefungwa, mlio umejaa, pikipiki inaonekana kijana. Baada ya wiki moja au mbili ndipo mambo yanaanza kujitokeza. Bomba pale linapotoka kwenye silinda limegeuka rangi ya zambarau. Ukiachia mafuta kwenye mteremko, inapiga risasi mfululizo. Asubuhi haishiki silensa, yaani haiungurumi yenyewe bila kupewa mafuta, mpaka uivutie choki, na ukiipa mkono wote wa mafuta kwenye barabara iliyonyooka inakwenda vizuri kidogo, halafu inalegea kama vile koki ya tangi imefungwa nusu.

Wengi wakifika hapo wanauziwa plagi mpya, kisha koili mpya, na wengine wanaambiwa wafungue injini. Mara nyingi ugonjwa uko kwenye vipande viwili vya shaba vidogo kuliko ukucha, ndani ya kabureta. Hizo ndizo jeti, kubwa na ndogo, na tundu la kila moja ndilo linalopima mafuta yanayopita. Kuzipanga upya hakuhitaji karakana kubwa. Kunahitaji subira na daftari, na unahitaji kujua kila sehemu ya kabureta inafanya kazi wakati gani.

Ninayoeleza hapa ni kwa pikipiki ya kabureta, silinda moja, ya cc 100 hadi 250, kwa sababu ndizo tulizo nazo wengi wetu. Kama yako ni ya injeksheni, kazi yake ni nyingine kabisa.

Kwa nini ekzosi iguse kabureta

Kabureta ya pikipiki yako ilipimwa ikiwa na ekzosi yake ya kiwandani na chujio lake la hewa, vyote pamoja. Ile ekzosi ya mwanzo ndani yake ina vyumba na vizuizi. Moshi unazunguka kabla ya kutoka. Ekzosi nyingi za kununua ni bomba lililonyooka lenye matundu, limezungushiwa sufi ya kioo. Moshi unatoka kwa urahisi, silinda inabaki na mabaki kidogo, na hewa mpya inaingia kwa wingi zaidi katika baadhi ya mizunguko ya injini. Kabureta hujitahidi kufuata, lakini haifuati kwa uwiano uleule. Tena viwanda vingi huziacha pikipiki zikiwa zimebanwa mafuta tangu mwanzo ili zisile sana na zisichafue hewa, kwa hiyo nafasi ya kubana zaidi haipo.

Petroli ikiungua yote bila kubaki, uwiano wake ni takriban uzito wa 14.7 wa hewa kwa 1 wa mafuta. Nguvu nyingi zaidi hupatikana kwenye 12.5 hadi 13. Hewa ikizidi tunasema mchanganyiko ni mwepesi; mafuta yakizidi, ni mzito. Mzito unapoteza mafuta, unachafua plagi na kuifanya pikipiki iwe nzito kukimbia. Mwepesi, hasa ukiwa na mzigo na mkono wote wazi, unapandisha joto, na wanaolipa ni vavu ya ekzosi na kichwa cha pistoni. Watu husema "ekzosi ya sauti inaunguza pistoni." Ekzosi haiunguzi pistoni. Mchanganyiko mwepesi walioacha bila kuurekebisha ndio unaounguza.

Ukubwa wa marekebisho unategemea ulichobadilisha. Kama umebadilisha pipa la nyuma tu na bomba la mbele ni lilelile, mara nyingi inatosha kugusa skurubu ya mchanganyiko, ile inayopanga mafuta na hewa kwenye silensa, au kupandisha jeti kubwa hatua moja, yaani namba inayofuata. Ukibadilisha bomba zima kuanzia kwenye silinda, tegemea hatua moja hadi mbili. Ukiondoa na boksi la chujio ukafunga kile kichujio cha koni, jiandae kwa kazi ndefu, kwa sababu boksi lile linatuliza hewa kabla haijafika kwenye kabureta, na likiondoka pikipiki inaweza kuwa nyepesi mahali fulani na nzito mahali pengine kwa jeti ileile. Ushauri wangu kwa anayetegemea pikipiki kwa riziki: liache boksi. Vumbi la barabara zetu za udongo linapita kwenye koni za bei rahisi na kumaliza ringi za pistoni kabla hujafaidi hiyo nguvu uliyoitafuta.

Kabureta haijui uko gia ya ngapi

Ukikumbuka jambo moja tu katika mwongozo huu, kumbuka hili. Mtu anakuja anasema "inamisi nikifika 70." Mwendo wa 70 hauniambii kitu. Ninachotaka kujua ni mkono wa mafuta ulikuwa umefunguka kiasi gani. Kwenye mlima unaweza kuwa 40 na mkono wote wazi. Kwenye mteremko unaweza kuwa 80 na mkono umefungwa. Kabureta inajua tu slaidi yake, kile kizibo kinachonyanyuliwa na waya wa mafuta, imenyanyuka wapi.

Mgawanyo wake uko hivi. Mkono ukiwa umefungwa mpaka kama robo, kazi inafanywa na jeti ndogo pamoja na skurubu ya mchanganyiko. Kutoka robo mpaka robo tatu, sindano inayoning'inia chini ya slaidi ndiyo inayoamua. Kutoka robo tatu mpaka mwisho, ni jeti kubwa. Maeneo haya hayana ukuta kati yake. Kila moja linaingia kidogo kwa jirani yake. Pale karibu na robo, mkato ulio chini ya slaidi nao una sauti, lakini huo tuuache kama ulivyo.

Kwa hiyo kabla ya kushika spana, chukua utepe wa karatasi ule wa wapaka rangi. Bandika kipande kimoja kwenye mkono wa mafuta na kingine kwenye kasha la swichi pembeni yake. Mkono ukiwa umefungwa, chora mstari mmoja unaopita kwenye tepe zote mbili. Zungusha mpaka mwisho, weka alama nyingine kwenye utepe wa kasha pale mstari wa mkono ulipofika. Gawanya katikati kupata nusu, kisha robo na robo tatu. Ni dakika tano za kazi, na kuanzia hapo utaweza kusema kwa uhakika "inamisi kwenye nusu mkono." Huo ni ugonjwa unaotibika.

Kabla ya kugusa jeti, hakikisha hauwindi kivuli

Pikipiki nyingi zinazodaiwa kuwa na jeti ndogo zinavuja hewa tu. Angalia haya kwanza, kwa mpangilio huu.

Gasketi ya ekzosi kwenye silinda. Ukifunga ekzosi mpya na gasketi ya zamani iliyokwisha kubanwa, hewa inaingia pale kila unapoachia mafuta, na ndiyo inayopiga risasi. Washa pikipiki ikiwa baridi, pakaza maji ya sabuni kwenye kiungo, mapovu yatakuonyesha. Gasketi ni bei ndogo. Weka mpya kila unapofungua bomba.

Kiungo cha kabureta na silinda, yaani manifoldi na oringi yake. Injini ikiwa silensa, nyunyiza maji kidogo kidogo kuzunguka kiungo. Mlio ukibadilika, panavuta hewa. Wapo wanaonyunyiza petroli kufanya kipimo hiki. Usifanye hivyo, bomba la moto liko sentimita chache tu kutoka hapo.

Chujio la hewa liwe safi. Choki ifunge kabisa. Plagi iwe ya namba sahihi na nafasi yake iwe kama inavyotakiwa. Kwa pikipiki hizi ndogo kwa kawaida ni milimita 0.6 hadi 0.7. Vavu ziwe zimepimwa injini ikiwa baridi.

Na kitu ambacho watu hawakiwazii: tundu la hewa kwenye kifuniko cha tangi. Likiziba, mafuta yanashindwa kushuka, na pikipiki inalegea kwenye mkono wote kama vile jeti kubwa ni ndogo. Ikilegea, simama pembeni, fungua kifuniko. Ukisikia tangi linavuta pumzi, umepata mchawi wako.

Jeti: kununua, na kwa nini usitoboe

Jeti ina namba iliyogongwa pembeni au usoni. Kwenye kabureta za Keihin na zile za Kichina zilizofuata muundo wake, kama PZ27 iliyojaa kwenye pikipiki zenye injini ya mtindo wa Honda CG125, namba ya jeti kubwa inafuata upana wa tundu: 100 ni takriban milimita 1. Mikuni wao, kwa jeti kubwa zao za kawaida, wanahesabu kiasi cha mafuta kinachopita. Kwa hiyo 100 ya Mikuni na 100 ya Keihin si kitu kimoja, na mara nyingi hata nyuzi zake haziingiliani. Nenda dukani na jeti ya zamani mfukoni. Linganisha nyuzi, urefu, na umbo la kichwa. Nunua tatu kwa mpigo: hatua moja juu ya yako, mbili juu, na moja chini. Utafurahi kuwa nazo saa kumi na mbili jioni wakati maduka yamefungwa.

Jeti za bei ya chini zisizo na jina mara nyingine namba inasema hivi na tundu linasema vingine. Ziinue mbili pamoja dhidi ya mwanga wa taa na uzitazame. Kama 98 inaonyesha duara kubwa kuliko 102, rudisha.

Sasa suala la kutoboa. Pikipiki yangu ya kwanza, ya Kichina, cc 150, ilikuwa na jeti kubwa ya 95. Nilipofunga ekzosi, fundi mmoja alichukua unyuzi wa waya wa breki, akausokota ndani ya jeti, akapuliza, akasema tayari. Kwa siku mbili nilidhani nimepata mashine mpya. Wiki haikuisha, plagi ilikuwa nyeusi kama sufuria ya kuni, oili ilinuka petroli, na tangi lililokuwa linanipeleka siku mbili likawa linaisha siku moja na nusu. Nilipopata jeti halisi za kulinganisha, ile yangu tundu lilikuwa limepanuka na kuwa yai.

Piga hesabu uone. Mafuta yanapita kwa eneo la tundu, na eneo linakua kwa mraba wa upana. Kutoka 95 kwenda 100 ni nyongeza ya milimita 0.05 tu, unene wa unywele mwembamba, lakini eneo limeongezeka kwa takriban asilimia 11. Ukitoboa 95 mpaka milimita 1.1, umeongeza asilimia 34. Hakuna mkono wa binadamu wenye waya unaoweza kucheza ndani ya tofauti hizo. Hata kusafisha jeti, tumia petroli au dawa ya kabureta na upepo wa kompresa. Ikibidi kuchokonoa, tumia uzi wa plastiki wa kuvulia samaki. Chuma kisiingie mle.

Kufungua kabureta

Fanya kazi nje au penye upepo, injini ikiwa imepoa, na asiwepo mtu wa sigara karibu. Funga koki. Weka chombo chini ya mrija wa kumwagia, legeza skurubu ya chini ya kikombe, kile kinachoshika mafuta chini ya kabureta, mafuta yashuke yote. Kwenye pikipiki nyingi unaweza kulegeza klampu mbili, ya mbele na ya nyuma, ukaizungusha kabureta kidogo ubavu na kufikia kikombe bila kuitoa yote. Mimi huitoa. Naiweka juu ya kitambaa cheupe, kwa sababu skurubu ikidondoka kwenye mchanga imepotea.

Skurubu za kikombe ni laini na hukwama. Tumia bisibisi nyota inayojaa kichwa chote, sukuma kwa nguvu huku ukizungusha taratibu. Kikombe kikitoka, utaona floti, kile kielea cha mafuta, na katikati nguzo mbili. Ile nene yenye tundu kubwa ndiyo jeti kubwa. Jirani yake, imezama ndani ya shimo jembamba, ndiyo jeti ndogo. Zifungue kwa bisibisi bapa ya saizi yake. Shaba haina huruma kwa bisibisi iliyochakaa. Unaporudisha, kaza mpaka ikae, ongeza kidogo tu, basi.

Andika namba ulizokuta. Kabla ya kugusa skurubu ya mchanganyiko, ikaze taratibu ndani huku ukihesabu mizunguko mpaka iguse, andika, kisha irudishe ilipokuwa. Ukiikaza kwa nguvu ncha yake itakatikia ndani, na hapo utanunua kabureta.

Hatua ya kwanza: jeti kubwa

Tunaanza na hii kwa sababu mafuta yanayopita kwenye sindano yanatoka kwayo. Ukianza na sindano, utarudia. Pandisha hatua moja, mfano 95 kwenda 98. Rudisha kabureta, fungua koki, angalia kama inavuja, washa, acha injini ipate joto kamili. Kuendesha dakika kumi kunatosha.

Tafuta barabara iliyonyooka, isiyo na watu wala magari, mapema asubuhi. Kofia ngumu kichwani, bila abiria. Tumia gia ya tatu au ya nne ili usihitaji mwendo mkali. Ipe mkono wote na ushikilie. Ikivuta vizuri mpaka juu, rudisha mkono kidogo sana, kama sehemu moja ya nane. Ikiongeza kasi ulipoupunguza, bado ni nyepesi. Panda hatua nyingine. Ikitulia au kupungua kidogo, uko karibu na pazuri. Kama ukiwa mkono wote inaguguma, mlio ni mzito na inakataa kupanda, umezidisha, shuka.

Ithibitishe kwa plagi. Weka plagi mpya, au iliyo safi kabisa, injini ikiwa na moto. Endesha mkono wote kwa mita mia kadhaa, kisha kwa wakati mmoja bana klachi na uzime injini kwa swichi. Iache itembee yenyewe mpaka pembeni, fungua plagi hapohapo ukiwa na glavu. Usiizime kwa kuiacha silensa kwanza, kwa sababu utakuwa unasoma habari za silensa. Tazama kaure nyeupe, na usiishie kwenye ncha; chungulia chini kabisa inapozama ndani ya chuma, kwa tochi ya simu. Pale chini panapaswa kuwa na pete nyembamba ya moshi, rangi ya kahawa. Kukiwa na masizi meusi manene, ni nzito. Kaure ikiwa nyeupe kama chokaa mpaka chini, au ina vidoadoa vinavyong'aa, ni nyepesi kwa kiwango cha hatari. Usiendelee kukimbia nayo.

Hatua mojamoja. Ukibadilisha jeti na sindano na skurubu kwa pamoja, pikipiki ikipona hutajua imepona kwa dawa gani, na ikizidiwa hutajua umekosea wapi.

Hatua ya pili: sindano

Hapa ndipo unapoishi. Bodaboda anayezunguka mjini siku nzima hatumii mkono wote hata mara kumi. Muda mwingi yuko kati ya robo na robo tatu. Fungua kifuniko cha juu cha kabureta, vuta slaidi na waya wake. Sindano ina mikato, mara nyingi mitano, na klipu ndogo imekaa kwenye mmoja wao, kwa kawaida wa katikati. Klipu ikishuka, sindano inapanda, mafuta yanaongezeka. Klipu ikipanda, mafuta yanapungua. Watu wengi hulichanganya hilo, kwa hiyo liseme kwa sauti kabla ya kuhamisha klipu: klipu chini, mafuta juu.

Jaribu ukiwa nusu mkono, gia ya tatu, barabara tambarare. Ikiwa inasitasita, inayumba kama inayovutwa na kamba, halafu ukiigusa choki kidogo inatulia, ni nyepesi. Shusha klipu mkato mmoja. Ikiwa nzito, inanguruma bila kwenda, na inazidi kuwa mbaya inavyopata moto, pandisha mkato mmoja. Mkato mmoja unabadilisha mengi, kwa hiyo usiruke miwili.

Kama pikipiki imeshatembea miaka mingi, chunguza na kile kitundu sindano inamopita. Sindano imekuwa ikitikisika mle siku zote, na tundu linalika upande mmoja mpaka linakuwa yai. Matokeo ni mafuta mengi katikati ya mkono hata ukipandisha klipu mpaka juu. Hilo halina marekebisho; nunua sindano na kitundu chake pamoja.

Kwenye kabureta za vakyumu, zile zenye mpira mwembamba juu ya slaidi, mara nyingi sindano haina mikato ya kuchagua. Dawa yake ni washa (pete ya chuma) nyembamba ya milimita 0.5 chini ya kichwa cha sindano ili ipande. Shika mpira ule kama unavyoshika karatasi ya hati. Ukitoboka, pikipiki haivuti.

Hatua ya tatu: silensa na zile risasi za mteremko

Kwanza tambua skurubu yako ni ya aina gani. Kama iko upande wa injini, baada ya slaidi, inapitisha mafuta: ukiilegeza unaongeza mafuta. Kama iko upande wa chujio, kabla ya slaidi, inapitisha hewa: ukiilegeza unapunguza mafuta. Kwenye baadhi ya pikipiki imefunikwa kwa kofia ya shaba, lazima itolewe kwanza kwa uangalifu.

Injini iwe ya moto. Anza na mizunguko miwili kutoka ilipogusa. Pandisha silensa kidogo kwa ile skurubu ya kunyanyua slaidi. Sasa zungusha skurubu ya mchanganyiko robo kwa robo kuelekea ndani, ukisubiri sekunde kadhaa kila mara, mpaka injini ianze kulegea. Hesabu. Rudi nje mpaka ilegee tena. Hesabu. Katikati ya hapo, pale mlio ulipokuwa juu kuliko pote, ndipo pake. Kisha shusha silensa irudi kawaida, takriban mizunguko 1,400 kwa dakika.

Idadi ya mizunguko uliyoishia inakueleza juu ya jeti ndogo. Kwa skurubu ya mafuta, kama injini inafurahi tu ikiwa umelegeza zaidi ya mizunguko mitatu, jeti ndogo haitoshi. Weka inayofuata, mfano 35 kwenda 38. Kama inafurahi chini ya mzunguko mmoja, jeti ndogo imezidi. Kwa skurubu ya hewa, geuza maneno hayo.

Risasi za kuachia mafuta kwenye mteremko mara nyingi huisha hapa, kwa robo mzunguko ya ziada ya mafuta. Zisipoisha, rudi kwenye gasketi ya ekzosi. Na pikipiki yenye mrija unaopeleka hewa safi kwenye tundu la ekzosi, kwa ajili ya kupunguza moshi, itapiga risasi na ekzosi wazi hata jeti zikiwa sawa. Usiijaze mafuta kwa sababu hiyo.

Ukimaliza, rudia kipimo cha jeti kubwa mara moja ya mwisho.

Mwinuko: pikipiki ya Dar ikifika Arusha

Jambo hili huwachanganya hata mafundi wazuri. Hewa ya Dar es Salaam, usawa wa bahari, ni nzito kuliko ya Arusha iliyo kwenye mita 1,400 hivi. Kila unapopanda mita 1,000, uzito wa hewa unapungua kwa takriban asilimia 10. Kabureta haiwezi kujipunguzia mafuta kwa kiwango hicho, kwa hiyo pikipiki iliyopangwa Dar, ikifika Arusha, inakuwa nzito kwa asilimia 6 au 7. Kwa jeti ya 100, hiyo ni sawa na kama ilitakiwa iwe takriban 97.

Angalia maana yake. Pikipiki yenye jeti za pwani, iliyofungwa ekzosi mpya Arusha au Mbeya, inaweza isihitaji kupandishwa jeti kubwa kabisa, kwa sababu mwinuko umeshaongeza mafuta ambayo ekzosi iliyadai. Anayesoma jedwali la mtu wa Dar na kupandisha hatua mbili atajikuta na moshi mweusi.

Kinyume chake ndicho cha kuogopa. Pikipiki iliyopangwa kwa ustadi Nairobi au Eldoret, ukiishusha mpaka Mombasa, inakuwa nyepesi, na safari yenyewe ni saa nyingi za mkono mkubwa kwenye joto la kuanzia Voi kwenda chini. Kama unaenda pwani kukaa, panda hatua moja ya jeti kubwa kabla ya kuondoka. Kama unapita tu, punguza mkono, pumzisha injini, na chungulia plagi ukifika. Kupanda mlima na jeti nzito ni hasara ya mafuta tu. Kushuka na jeti nyepesi ni hasara ya pistoni.

Baada ya kazi

Pima ulaji wa mafuta kwa njia ya kweli: jaza tangi mpaka shingoni, andika kilomita, endesha kazi zako za kawaida siku mbili, jaza tena pampu ileile. Ongezeko dogo ni la kawaida. Ikiwa imeongezeka sana, kuna mahali umeacha nzito, na mara nyingi ni kwenye sindano.

Kama ekzosi yako ina kile kipande cha ndani cha kupunguza sauti, panga jeti kikiwa ndani na ukiache humo. Ukikitoa baadaye umebadilisha ekzosi upya, na hesabu zote zinaanza tena. Tena kwa mbeba mizigo, bomba lililo wazi kabisa hupunguza nguvu ya chini, ile ya kuondokea ukiwa na abiria wawili na gunia, na hakuna jeti inayoirudisha. Ile ekzosi ya zamani usiiuze. Ipake oili, ifunge kwenye kiroba, iweke ndani.

Mwisho, kata kipande cha karatasi, kifunike kwa selotepu, kibandike chini ya siti. Changu kinasomeka hivi: "Ekzosi bomba zima. Chujio la kiwandani. Jeti kubwa 98, ndogo 38. Klipu mkato wa 3. Skurubu ya mafuta, mizunguko 2 na robo. Arusha." Fundi yeyote atakayefungua siti hiyo, hata mimi nisipokuwepo, ataanzia hapo.